Msee wa Mwisho Pia Ana Jina

Leo sina kichekesho. Leo nina kosa la kukiri, na nina hadithi ya jirani yetu mmoja ambaye wengi wenu mnapita karibu na kwao kila siku na hamjui alifanya nini. Kaa chini, weka chai, hii ni ndefu kidogo.

Nianze na kosa langu. Mwaka jana kulikuwa na mashindano ya riadha ya shule za upili huku kwetu Turbo. Mnajua vile huwa: uwanja wa nyasi, mistari imechorwa kwa chokaa, mvua imenyesha usiku kwa hivyo ile kona ya mbali ni matope matupu. Mbio za mita 5,000 kwa wavulana. Vijana wa mbele walimaliza, wakapewa maji, wakalala chini wakitazama mawingu. Na jamaa mmoja alikuwa bado ana mizunguko miwili.

Mizunguko miwili, bana. Msee wa kipaza sauti akaanza kuita watu wa mbio zinazofuata. Mwalimu mmoja akampungia mkono atoke uwanjani. Jamaa akakataa kutoka. Alikuwa anakimbia na kiatu kimoja, kingine kilibaki kwenye yale matope. Watu walikuwa wanacheka, na mimi nilikuwa na simu mkononi, bando imejaa.

Nikamrekodi. Nikaweka sauti ya lori likirudi nyuma, pi-pi-pi, halafu nikaandika juu: "Huyu hakimbilii medali, anakimbilia kesho." Nikaiposti. Kufikia jioni ilikuwa imezunguka Turbo nzima, ikafika Eldoret mjini, ikarudi kwa mamangu kupitia kikundi cha chama chake. Sijawahi kupata watazamaji wengi vile. Nilifurahi. Sitawadanganya, nilifurahi sana.

Baada ya wiki mbili yule kijana hakuwa tena na jina lake. Stejini makanga walikuwa wanamwita Kesho. "Kesho, panda gari!" "Kesho, umefika lini?" Na asubuhi, ile saa kumi na moja na nusu ambapo wakimbiaji hupita kwa barabara ya kwetu wakipumua kama ng'ombe, nikaanza kuona kikundi chake kinapita bila yeye.

Sasa, mzee mmoja anayenyolewa pale ninaponyolewa mimi aliiona hiyo video. Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Kijana, wewe unamjua Boit?" Nikamwambia ndiyo, Mike Boit, shaba ya mita 800 Munich 1972, tulisoma shuleni. Akasema: "Si huyo. Yule wa theluji."

Nilidhani mzee amechanganyikiwa. Theluji? Hapa Turbo kitu cha karibu zaidi na theluji ni mvua ya mawe, ile inayopiga mahindi yakiwa yametoa mbelewele na kogo anaanza kulia shambani. Nikaenda nikasoma. Na tangu hapo sijalala vizuri.

Philip Boit alizaliwa Eldoret mwaka 1971. Ni wa ukoo mmoja na huyo Mike Boit. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mzuri, lakini nyinyi mnajua kuwa mzuri Uasin Gishu maana yake nini. Ni kama kujua kuogelea katikati ya samaki. Huku ukitupa jiwe, linaangukia mtu mwenye medali.

Ndipo mwaka 1996 kampuni ya Nike ikaja na wazo: tuchukue wakimbiaji wa Kenya, tuwapeleke Finland, tuone kama mtu mwenye mapafu ya nyanda za juu anaweza kugeuzwa kuwa mtelezaji wa skii. Wakamchukua Boit na mwenzake Henry Bitok. Wazia hiyo safari. Unatoka kwenu ukiwa hujawahi kukanyaga theluji, unashuka kwenye ndege, hewa inakuchoma puani, halafu mtu anakufunga vibao viwili virefu miguuni, anakupa fimbo mbili, anasema twende.

Na tusidhani skii za masafa marefu ni kukimbia tu kwenye baridi. Mapafu na moyo, sawa, hizo tunazo. Lakini mkimbiaji wetu amejengwa kwa wepesi: miguu myembamba, mabega madogo, hakuna mzigo wa bure. Kwenye skii unajisukuma kwa mikono, mabega, mgongo na tumbo, kilomita baada ya kilomita. Halafu kuna nta. Ndiyo, nta. Chini ya vile vibao unapakwa nta ya kushika theluji ukipanda mlima, na lazima ilingane na baridi na unyevu wa siku hiyo. Ikikosewa, unapiga hatua mbele na unateleza nyuma. Watoto wa Norway wanajifunza hayo wakiwa wadogo. Boit alijifunza akiwa mtu mzima, na alikuwa na miaka miwili tu.

Tarehe 12 Februari 1998, Nagano, Japani, akasimama kwenye mstari wa kuanzia wa kilomita 10 katika Olimpiki ya Majira ya Baridi. Mkenya wa kwanza kabisa. Alikuwa na miaka 26. Katika mbio hizo watu hawaanzi pamoja. Unaachiliwa peke yako, mmoja mmoja, kwa hivyo huna kikundi cha kujificha ndani yake. Ni wewe, miti, na theluji.

Aliyeshinda alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway. Muda wake ulikuwa dakika 27 na sekunde 24. Muda wa Boit ulikuwa dakika 47 na sekunde 25. Toa hesabu mwenyewe. Dakika ishirini na sekunde moja. Alikuwa wa 92, wa mwisho kati ya wote waliomaliza.

Nikifika hapo nikasimama kusoma, kwa sababu nilijua mimi ningefanya nini. Ningekuwa Nagano na simu yangu, ningeweka pi-pi-pi. Ningeandika: "Huyu anakimbilia Olimpiki ijayo."

Dæhlie alifanya kitu kingine. Alikuwa tayari ni bingwa wa mabingwa, na kwenye michezo hiyo hiyo ya Nagano aliondoka na dhahabu tatu, zikafika nane za Olimpiki maishani mwake. Waandalizi walikuwa wanataka kutoa medali. Yeye akasema wangoje. Sherehe ya medali ikachelewa kwa sababu bingwa alikuwa amesimama pale mwisho wa mbio akimngojea msee wa mwisho. Boit alipovuka, Dæhlie akamkumbatia. Picha hiyo ilizunguka dunia. Wakawa marafiki, na Boit alipopata mtoto wa kiume akampa jina Dæhlie. Yaani kuna Mkalenjin anayeitwa jina la Mnorwe kwa sababu Mnorwe alijua kungoja.

Wengi wanaoijua hadithi hii huishia hapo, kwenye kumbatio. Wanafuta machozi, wanasema "michezo ni umoja", wanaenda kulala. Mimi naona hapo ndipo mambo yanaanza.

Kwanza, tuseme ukweli: ule mradi ulikuwa tangazo. Kampuni ya viatu haikuja Eldoret kwa sababu ya huruma. Kuna watu walisema wakati ule kwamba Mkenya kwenye theluji ni mzaha, amechukua nafasi ya watu wanaojua kazi. Sikatai kwamba mzaha ulikuwepo. Lakini mzaha una dalili moja: ukiisha, watu wanaondoka. Kamera ziliondoka. Boit hakuondoka.

Huko Kenya hakuna theluji ya kufanyia mazoezi, kwa hivyo alikuwa anatumia skii zenye magurudumu, kwenye lami yetu hii hii. Unaweza kuwazia madereva wa matatu wakimwona? Fimbo mbili mkononi, magurudumu miguuni, anapanda kilima, na watu wanauliza mtoto wa nani ameharibika akili. Aliendelea. Mwaka 2002 alikuwa Salt Lake City, Marekani. Mwaka 2006 alikuwa Turin, Italia, akiwa na miaka 34, kilomita 15, na kulikuwa na watu nyuma yake. Hakuwa wa mwisho.

Soma hiyo tena polepole. Miaka ya kazi ili kutoka nafasi ya mwisho kufika nafasi ambayo si ya mwisho. Hakuna medali hapo. Hakuna nyumba ya serikali. Kuna mtu aliyeamua kuwa mzuri zaidi ya jana kwenye kitu ambacho hakuna mtu kwao anakijua. Kama hiyo si kazi ya mwanamichezo, basi sijui kazi ni nini.

Na nyinyi mnaosema "wa mwisho ni wa mwisho tu, tukianza kuwapigia makofi tutaharibu ushindani", nawasikia. Kuna jamaa yangu wa karibu aliniambia hivyo hivyo: Eldoret imekuwa Eldoret kwa sababu haibembelezi mtu. Lakini mwangalie tena Dæhlie. Alimbembeleza nani? Alimpiga Boit dakika ishirini bila huruma. Hakupunguza mwendo. Hakumpa nafasi. Alishindana kama simba, akamaliza, halafu akangoja kama binadamu. Hizo ni kazi mbili tofauti na mtu mmoja anaweza kuzifanya zote siku moja. Heshima haikumtoa hata sekunde moja.

Tena sisi, zaidi ya mtu yeyote duniani, tunapaswa kujua thamani ya watu wa nyuma. Bingwa hatengenezwi peke yake. Nenda Kaptagat, nenda Iten, utaona kikundi cha watu thelathini asubuhi. Wawili watatu watakwenda ng'ambo. Waliobaki ndio ukuta ambao hao wawili wanausukuma kila siku. Kipchoge alipokimbia 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, alikuwa na waweka kasi 41. Arobaini na mmoja! Ondoa hao, ubaki na mtu mmoja anapigwa na upepo. Ukiwachekesha watu wa nyuma mpaka waache, umemwondolea bingwa wako ukuta.

Na hata bingwa hajaponea midomo yetu. Kiptum alipofariki Februari 2024 kwenye ajali ile ya barabarani huku kwetu, kuna watu walikaa mitandaoni wakimrushia Kipchoge lawama zisizo na kichwa wala miguu, mpaka mwenyewe akajitokeza kueleza vile aliihofia familia yake. Agosti mwaka huo huo akaacha mbio za marathoni za Paris katikati, na wale wale wakarudi kucheka. Mtu mwenye dhahabu mbili za Olimpiki za marathoni! Kwa hivyo msinidanganye kwamba tunawacheka wa mwisho kwa sababu tunapenda ushindi. Tunacheka kwa sababu kucheka ni bure na simu iko mkononi. Najua, kwa sababu nilikuwa huko.

Jambo la pili. Kumbatio si bajeti.

Baada ya Boit, bendera yetu haikuonekana kwenye Olimpiki ya baridi kwa miaka 12. Halafu 2018, Pyeongchang, Korea Kusini, akatokea Sabrina Simader. Amezaliwa Kilifi, akaenda Austria na mamake akiwa na miaka mitatu, akakulia kwenye milima yenye theluji. Mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye michezo hiyo. Akiwa na miaka 19 alishuka mlima kwa kasi ambayo hata pikipiki ya boda haifiki, akamaliza wa 38 kwenye mbio za super-G. Wa 38 duniani, kwa mchezo ambao nchi yake haina hata kilima kimoja cha kuteleza chenye mashine ya kukupandisha! Angeweza kuichezea Austria nani angemlaumu? Alichagua sisi.

Miaka minne baadaye, Beijing 2022, Kenya haikuwa na mtu hata mmoja. Skii ni mchezo wa pesa: vifaa, kocha, usafiri, nta, hoteli, bima ya kuvunjika mguu. Simader mwenyewe amelalamika hadharani kuhusu ukosefu wa msaada. Tunapenda sana kuposti picha ya Mkenya kwenye theluji, tunaandika "proud" na bendera tatu, halafu tunarudi kwa shughuli zetu. Sisemi serikali iache kujenga zahanati ijenge kiwanja cha barafu Turbo. Sijapoteza akili kiasi hicho. Nasema ukikubali mtu avae rangi zako, ulimwambia utamngoja. Kumngoja ni pamoja na kumlipia tiketi. Na kama huwezi, mwambie mapema, usimwache asimame kwenye mlima peke yake akiwa na bendera yako mabegani.

Turudi kwa yule kijana wa matope.

Niliifuta ile video. Najua mnasema "umefuta na imeshasambaa", na ni kweli, bado iko kwenye simu za watu. Nikaenda kumtafuta. Nikamkuta anapakia mbao kwenye lori, kibarua cha likizo. Nilikuwa nimejitayarisha na maneno mengi. Yote yakaisha njiani.

Nikamwambia, "Boss, ile video niliifuta. Nisamehe."

Akaweka ubao chini. Akaniangalia. "Wengine bado wako nayo."

"Najua."

"Basi sawa," akasema, akachukua ubao mwingine.

Hapo ndipo ingekuwa vizuri niwaambie tulikumbatiana. Hatukukumbatiana. Nikamsaidia kupakia mpaka lori likajaa, kama saa nzima hivi, hatukuongea sana. Wakati wa kuondoka nikamuuliza kwa nini hakutoka uwanjani mwalimu alipompungia mkono. Akasema kitu ambacho nimeenda nacho mpaka leo. Alisema ile asubuhi kogo wake alikuwa amekuja kutazama, kwa mguu, kutoka mbali, na hajui mambo ya nafasi ya kwanza au ya tatu. Alikuwa amemwambia, "Nitakungoja pale mwisho."

Kwa hivyo wakati mimi nilikuwa natafuta sauti ya lori, kulikuwa na mama mzee amesimama kwenye mstari, na leso yake, akimngoja. Yuko hata kwenye video yangu. Nilikuwa nimemkata pembeni ili maandishi yangu yatoshee.

Sijui kama kijana atarudi kukimbia. Sikumuuliza, na si haki yangu kuuliza. Lakini najua mimi nitafanya nini muhula ujao. Nitaenda uwanjani na simu, kwa sababu hii ndiyo kazi yangu. Nitarekodi washindi, nitapiga kelele. Na wa mwisho akiwa bado kwenye kona ya mbali, simu itaingia mfukoni na miguu yangu itabaki pale mpaka avuke. Nikitaka kumrekodi, nitamuuliza kwanza, na nitaandika jina lake, lile alilopewa na wazazi wake.

Njooni tuwe wengi. Eldoret sasa ni jiji, tangu Agosti 2024, na tunajiita Jiji la Mabingwa. Sawa. Mabingwa tunao wa kutosha. Wanaongoja pale mwisho, hao bado ni wachache.

Na ukimwona Mzee Boit mahali, msalimie. Usimwambie chochote kuhusu kumbatio, amelisikia miaka yote hii. Muulize kuhusu Turin.